Nundu ya Washindi Wote

Mwaka ambao Jovitus Bagenda aliamua kwamba hakuna mtoto atakayeshindwa tena mpira pande hizi za ziwa, wa kwanza kuleta matatizo alikuwa ng'ombe. Ng'ombe, mtake msitake, ana nundu moja.

Kila likizo ya mwezi wa sita watoto wa Mirongo, pale katikati ya jiji, hupanda kivuko na kwenda ng'ambo Kamanga kucheza mpira na wenyeji wao. Uwanja umekaa karibu na maji kiasi kwamba kona za upande mmoja hupigwa na mtu aliyekunja suruali. Zawadi haijawahi kuwa kombe wala medali. Zawadi ni dume la mzee Ndalahwa, mfugaji wa palepale Kamanga, ambaye ana ng'ombe wengi kuliko subira. Dume huchinjwa asubuhi na kupikwa wakati mpira unachezwa. Jioni nyama huliwa na kila aliyefika, isipokuwa vitu viwili. Nundu, ikiwa imechomwa na bado inadondosha mafuta, ni ya timu iliyoshinda. Kwato nne, zilizochemshwa mpaka zikalegea, ni za timu iliyoshindwa, na wakishazila hupelekwa ufukweni kusugua masufuria yote, huku washindi wamekaa kwenye nyasi wakiwaonyesha palipobaki masizi.

Sasa, makongoro, yaani hizo kwato za kuchemshwa, ni chakula cha heshima. Mjini Mwanza mtu mzima hutoa pesa yake mwenyewe na kupanga foleni alfajiri ili ayapate. Lakini Kamanga, siku ile moja ya mwaka, makongoro huwa machungu kama shubiri, na hakuna chumvi wala ndimu inayoyasaidia.

Mwaka uliotangulia waliokula makongoro walikuwa Mirongo, na golini alisimama Winnie, binti pekee wa Jovitus, aliyepewa nafasi hiyo kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Mabao yaliingia kama watu wanaoingia harusini bila kadi. Jovitus alikuwa ameketi mstari wa mbele na kofia yake usoni. Mapumziko yalipofika alikwenda kumnong'oneza refa kama mpira hauwezi kuishia hapo. Haukuishia hapo. Winnie alikula makongoro yake, akasugua masufuria, na kwenye kivuko cha kurudi akasimama akiwa amewapa watu mgongo, mabega yakimtikisika. Baba yake alisimama nyuma yake ameshika begi la viatu. Jambo lile lilimuuma kuliko kitu chochote kilichowahi kumpata, na aliapa moyoni kwamba mtoto wake hatalia vile tena.

Jovitus, mzaliwa wa Muleba, alikuwa afisa mipango katika ofisi moja jijini, mtu wa shahada mbili, na ukimsalimia polepole alikuwa na nafasi ya kukutajia zote kabla hujafika kwenye habari za nyumbani. Hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Alikuwa baba. Na baba mwenye uchungu akipelekwa semina, hasikii yote yanayosemwa, husikia lile analolitafuta. Kwenye semina moja ya malezi, kati ya chai na maandazi, mtoa mada alisema kwamba mtoto anayeambiwa ameshindwa husinyaa kwa ndani, na kwamba kila mtoto anayeshiriki ni mshindi. Jovitus aliinuka kitini akapiga makofi peke yake.

Alirudi Mirongo akagombea uenyekiti wa kamati ya mpira wa watoto. Alipita bila kupingwa, maana kazi yenyewe huwa ni kutafuta mwenye pampu.

Kikao cha kwanza kilifanyika Kamanga, uani kwa mzee Ndalahwa, naye Ng'washi akiwapo, mama aliyepika dume la kila mwaka tangu mashindano yaanze.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwenyekiti. Karibu kiti."

"Mzee, mwaka huu tunabadilisha utaratibu. Mabao hayatahesabiwa. Kila mtoto atapewa kikombe kilichoandikwa Mshindi wa Kwanza. Watoto wote ni washindi."

"Vizuri sana," mzee akasema. "Wamemshinda nani?"

"Hawajamshinda mtu. Wameshinda tu."

Ndalahwa akamgeukia Ng'washi. "Umesikia? Wameshinda tu."

"Nimesikia," Ng'washi akajibu. "Na nundu ataila nani?"

"Wote. Tutaigawa sawasawa."

"Na makongoro?"

"Sawasawa vilevile."

"Mwenyekiti, mimi ndiye ninayeshika kisu. Huyu nikimkatia penye mafuta na yule nikamkatia pembeni, huyu si ameshinda? Na atakayepata ukwato wa mbele, na mwenzake wa nyuma wenye nyama?"

Kwenye semina jambo la kwato halikuguswa kabisa. Jovitus aliomba kikao kiahirishwe kwa chai, akaenda kusimama karibu na zizi akimtazama yule dume, naye dume akimtazama, na kati ya wawili wale ni mmoja tu aliyekuwa ametulia. Aliporudi uso ulikuwa umemng'aa.

"Tutamsaga," akasema.

"Nani?"

"Ng'ombe. Mzima mzima. Nundu, mapaja, maini, utumbo, kwato. Vyote vipite kwenye mashine ya kusagia nyama, vichanganywe, viwe kitu kimoja. Hapo hakuna aliyepata nundu na hakuna aliyepata makongoro."

Mzee Ndalahwa alicheka mpaka akashika mkono wa kiti asianguke. Alipopata pumzi akafuta machozi na kusema, "Dume nilishatoa, siwezi kumrudisha. Na hili nataka nilione kabla sijafa." Wajumbe wakakubaliana kwa kauli moja, kwa sababu mwenyekiti alikataza kura zisipigwe, zisije zikaacha upande ulioshindwa.

Siku ikafika. Kivuko kilivusha watoto wa Mirongo, wazazi wao, katoni za vikombe, na mashine ya kusagia nyama iliyoazimwa buchani, ikiwa imefunikwa shuka kama mgonjwa. Winnie alikaa peke yake na glovu zake mapajani. Mwaka mzima alikuwa akipiga mpira kwenye ukuta wa nyumba na kuudaka, jioni baada ya jioni, mpaka jirani akaja kulalamika kwamba vyombo vinadondoka kabatini. Jovitus alidhani ni utundu wa kitoto tu. Mama yake Winnie, Prudencia, aliwahi kumuuliza mumewe kama amewahi kutoka nje akamtazama mtoto anavyodaka. Alijibu kwamba ana kazi nyingi za kamati.

"Usiwe na wasiwasi leo," Jovitus alimwambia binti yake kivukoni. "Leo hakuna kufungwa."

Winnie akamgeukia. "Kwani Kija haji?"

Kija alikuja. Alikuwa mshambuliaji wa Kamanga, msichana mwenye miguu myembamba na mashuti mazito, na mpira haujakaa vizuri uwanjani alishampita beki wa kwanza, wa pili, akaupachika wavuni. Akainua mikono juu, akageuka kumtazama refa. Refa alikuwa Mashimba, fundi pikipiki wa pale kivukoni, na siku hiyo alionekana kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake.

"Refa, ni bao?" Kija akauliza.

"Ni tukio," Mashimba akajibu, kama alivyoelekezwa.

Kutoka meza kuu, sauti ya Jovitus ikavuma kwenye kipaza sauti. "Hongera mfungaji kwa kufunga! Hongera golikipa kwa kushiriki! Tuwapigie makofi wote!"

Watu wakapiga makofi kama wanaompigia mgeni rasmi ambaye hawamjui. Wamama waliokuwa wameanza vigelegele wakavikatiza katikati, kisha wakavimalizia kuelekea ziwani, ili visiwe vya upande wowote.

Ndipo ufukwe mzima ukaanza kuhesabu kwa siri. Watu wazima, wenye familia zao! Mama mmoja alifunga fundo kwenye ncha ya kanga. Kijana wa samaki alipanga dagaa wakavu pembeni ya ungo, mmoja mmoja. Mzee Ndalahwa alikuwa na karanga mfuko wa kulia, na kila tukio lilipotukia karanga moja ilihamia mfuko wa kushoto, naye akitazama mawingu. Jovitus aliwaona. Alitangaza kwamba kukunja vidole ni kinyume cha malezi bora, akarudia mara mbili, halafu akautazama mkono wake mwenyewe usioshika kipaza sauti. Vidole vinne vilikuwa vimekunjwa. Alivikunjua upesi, akautia mkono mfukoni.

Mpira ulikuwa unakaribia kwisha beki wa Mirongo alipoudaka kwa mikono miwili ndani ya boksi, kwa woga tu. Mashimba akapuliza filimbi, kisha akaduwaa, maana penalti ni adhabu, na adhabu zilifutwa. Alikimbia hadi meza kuu. Walinong'onezana. Alirudi akatangaza kwamba litapigwa pigo la kirafiki.

Kija akaweka mpira. Winnie akasimama katikati ya goli, akatema mate kwenye glovu, akapinda magoti. Jovitus alitaka kuichukua kofia aiweke usoni, lakini mkono mmoja ulikuwa na kipaza sauti na mwingine alikuwa ameufungia mfukoni mwenyewe. Kwa hiyo alitazama. Hakuwa na njia nyingine.

Kija alipiga chini, pembeni, shuti la kuvunja moyo. Winnie aliruka kushoto, akanyooka mwili mzima, akaanguka kifudifudi mchangani, na vumbi lilipotulia mpira ulikuwa chini ya kifua chake, umekumbatiwa kwa mikono miwili.

Hakuna aliyepiga kelele. Hawakujua kama inaruhusiwa. Kila kichwa kiligeukia meza kuu, na Winnie naye akainuka, mchanga shavuni, akamtazama baba yake. Akasubiri.

Jovitus alihisi kitu kinampanda kifuani, kikubwa, kinachotaka kutoka kwa sauti ambayo hajawahi kuitoa tangu ujana wake Muleba. Lakini mbele yake palikuwa na mtoto mwingine, Kija, ameshika kichwa. Na kushangilia kudaka ni kutangaza kukosa. Alitafuta neno. Utaratibu wake wote haukuwa nalo.

"Hongera mpigaji kwa kupiga," akasema. "Hongera golikipa kwa... kuwepo."

Winnie aliweka mpira chini, akaupiga mbele, na hakutazama tena meza kuu.

Filimbi ya mwisho ilipolia, vikombe vikagawiwa. Vyote vilikuwa sawa, vya bati, vimeandikwa MSHINDI WA KWANZA. Kija alikipokea chake, akakichungulia ndani kama kuna kitu kilichosahauliwa, kisha akatazama cha mwenzake aliyekuwa amekaa nusu ya mpira akichimba mchanga kutafuta minyoo. Alikwenda kukaa kwenye jiwe akikigeuzageuza.

Winnie alimjia baba yake nyuma ya meza kuu, kikombe mkononi.

"Baba, nilidaka au sikudaka?"

"Mama, wote mmedaka."

"Wote? Hata Kija? Si ndiye aliyepiga!"

"Namaanisha, leo nyote ni..."

"Baba, nilifungwa manne. Nimeyahesabu. Yaliingia, na manne ni machache kuliko ya mwaka jana. Lile la tano nikalidaka." Midomo ilikuwa ikimcheza, lakini hakulia. "Kama yale manne hayahesabiwi, basi na hili nililolidaka halihesabiwi. Umelifuta."

"Sikutaka ulie kama mwaka jana," Jovitus akasema. "Kwenye kivuko. Niliona."

"Mwaka jana sikulilia mabao. Nililia kwa sababu ulikwenda kumwomba refa."

Jovitus alisimama pale na shahada zake mbili. Alikuwa ameunda kamati, ameandika taratibu, ameagiza vikombe, amemhukumu ng'ombe kusagwa kwato na pembe, na kumbe katika yote yale hakuwahi kumuuliza mtoto mwenyewe swali moja, analilia nini. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayoanzia masikioni.

Kabla hajajibu, mlio wa chuma ukasikika kutoka jikoni, kama gari linalobadilishwa gia na mlevi. Watu wakakimbia. Mashine ya kusagia nyama ilikuwa imemeza ukwato wa kwanza hadi nusu, ikatetemeka, ikatoa moshi, na kufa. Ng'washi alisimama kando yake, mikono kiunoni.

"Nilianza na kwato," akasema, "nikasema kama itaziweza hizi, nundu haitaisumbua."

Juu ya majani ya mgomba nyama yote ilikuwa bado nzima: mapaja, mbavu, kwato tatu, na nundu imekaa katikati kama bwana harusi. Watu walikuwa na njaa. Watoto walikuwa na njaa. Ng'washi alichukua kisu, akakiinua, akamwelekea mwenyekiti.

"Haya. Nundu nimpe nani?"

Mzee Ndalahwa alikuwa amekwishavuta kiti chake karibu asipitwe na neno. "Asiyekubali kushindwa si mshindani," akasema, akimenya karanga ya kushoto. "Lakini mimi sijui lolote. Mimi nimetoa ng'ombe tu."

Jovitus alirudi meza kuu. Alichukua kipaza sauti, akakipuliza, kikapiga mluzi ulioamsha ndege ziwani.

"Matokeo," akasema.

Ufukwe mzima ukamgeukia.

"Kamanga, mabao manne. Yote ya Kija. Mirongo, sifuri. Na penalti moja ya Kija... imedakwa. Imedakwa! Imedakwa na Winnie Bagenda wa Mirongo, aliruka kushoto, nilimwona kwa macho yangu haya!"

Kelele iliyotoka pale walisema ilisikika hadi ng'ambo, na kama haikusikika basi ng'ambo walikuwa wamelala. Vigelegele vilivyobanwa tangu mchana vilifunguka vyote kwa pamoja. Yule mama akafungua mafundo yake manne ya kanga hadharani, moja baada ya jingine, watu wakiitikia. Kija aliinuka kwenye jiwe, akakitupa kikombe hewani, akakidaka, akabebwa juujuu. Na Winnie alisimama mahali alipokuwa, amejikaza, huku tabasamu likimshinda nguvu.

Nundu ikachomwa, wakala Kamanga. Kwato tatu zikachemshwa, wakala Mirongo, na kwa kuwa mwenyekiti, akitegemea nyama ya kusaga, alikuwa ameagiza mabakuli yasiletwe, mchuzi wa makongoro ulinywewa kwenye vikombe vya Mshindi wa Kwanza, ambavyo kwa kazi hiyo vilifaa sana. Kija alikuja na kipande cha nundu mkononi, mafuta yakimtiririka hadi kiwiko, akamnyooshea Winnie.

Winnie akatikisa kichwa. "Hiyo ni yenu. Mwakani nitakuja kuichukua."

"Njoo," Kija akasema, akakitia kinywani chote.

Jovitus alikuwa akitafuta mahali pa kukaa mzee Ndalahwa alipomwita.

"Mwenyekiti. Hivi wewe ni wa upande gani?"

"Mirongo, mzee."

"Basi masufuria yako kule."

Alivua viatu, akakunja suruali yake ya semina hadi magotini, akaingia majini na sufuria kubwa kuliko zote, lile ambalo masizi yake yana umri. Winnie alikuwa tayari pale, anasugua kwa mchanga. Kwenye nyasi, watoto wa Kamanga walianza kazi yao. "Bado hapo, mwenyekiti! Chini ya mkono! Geuza!" Aligeuza. Walisugua bega kwa bega.

"Baba," Winnie akasema, "kumbe ulikuwa unahesabu."

"Nilikuwa nahesabu."

"Na ya mwaka jana?"

Jovitus aliacha kusugua. Angeweza kusema hakumbuki. "Tisa," akasema.

"Kumi na moja," Winnie akamsahihisha, akamsogezea mchanga. "Mawili yaliingia ukiwa umejifunika kofia."